Makopo Yaliyolia Bila Upepo

Alhamisi, 3 Aprili

Nyie wanaume wa Mahege hamna haya. Leo kwenye kikao cha zahanati mmecheka mpaka mmoja wenu kamwaga chai, kisa Hajira muuguzi katamka tezi dume mbele ya watu. Mtoto wa watu kasimama na karatasi yake anawaeleza ugonjwa unaowamaliza, nyie mnagongana viwiko kama watoto wa chuoni. Mnaulizana kidole cha nani kitaingia wapi. Mie nilikuwa benchi la nyuma na nimewahesabu mliocheka. Kumi na mmoja, na wote mna mvi.

Mume wangu Shaabani angekuwepo angecheka nanyi. Mwaka wa sita huu yuko chini ya udongo.

Kikao kilipokwisha Hajira kanifuata. Anataka niwe mwenyekiti wa matayarisho. Utakuwa mkutano wa kuwaelimisha wagonjwa na wale wasiojijua kuwa ni wagonjwa, atakuja daktari wa wilaya, na damu itapimwa bure. Nikamwambia mie shule yangu ni kisomo cha watu wazima, mikutano ya kupangwa siijui. Akasema, "Bibi, wewe wanakuogopa. Hiyo inatosha." Akanipa daftari hili niandike kila tunalofanya, na vijiji vingine vipate kujifunza. Nitaandika. Asije kuniambia nimeandika vibaya.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Hakuna lililofanyika.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumekwenda Kibiti kwa Tajdin, mwenye duka la vitambaa na mabati. Yeye ni mgonjwa wa tezi hiyo hiyo, mwaka wa nne huu tangu atibiwe, na yupo, anapima kitambaa na anagombana na wateja kama zamani. Kasema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba atasimama mbele ya watu aeleze. "Mimi Bi Tabu niliona haya miezi kumi," kasema. "Haya ikataka kuniua. Sasa sina."

Wakubwa wa Hajira walikuwa wameshapanga mkutano uwe mwezi wa tano, ukumbini Kibiti. Nikawauliza ni nani mwenye kichwa aliyepanga hivyo. Mwezi wa tano wanaume wote wa kwetu wako bondeni wanaamia ndege wasimalize mpunga. Mkutano wa wanaume utafanywa na viti? Tumebishana mpaka adhuhuri. Nimeshinda. Ni Jumamosi ya tarehe 14 Juni, bondeni kwenyewe, uwanjani tunapopuria mpunga.

Jumapili, 20 Aprili

Maji bado hayajatoka bondeni. Tajdin kaleta bango lenye picha ya maungo, kubwa kama shuka. Nimelikunja nikaliweka chini ya kitanda. Hatuanzi na hilo.

Jumapili, 27 Aprili

Tumeshuka bondeni. Maji yamerudi mtoni, mpunga umeanza kubeba, na ndege wameshapata habari. Ukasha, mwanangu wa kwanza, kanijengea dungu pale pale lilipokuwa la baba yake. Nguzo sita, sakafu ya fito juu kupita kichwa cha mtu, paa la makuti, ngazi ya vipandio vitano. Nguruwe na viboko wapite chini, siye tukae juu. Yeye na mkewe Habiba wako kwenye dungu lao ng'ambo ya shamba, mwendo wa sauti moja. Katikati ya shamba kapitisha kamba ya makopo, kama miaka yote. Nikivuta huku, makopo yanalia shamba zima na ndege wanaruka.

Ukasha ana miaka hamsini na mmoja. Kakonda. Nimemwambia ale.

Jumanne, 6 Mei

Makopo yamelia usiku. Upepo haukuwepo, moshi wa jiko langu ulikuwa umesimama wima. Yakalia kidogo yakanyamaza, kama mtu anayezuia kikohozi. Baadaye tena. Hivyo, kulia na kurudia, mara tano mpaka alfajiri.

Nguruwe, nimesema.

Jumatano, 7 Mei

Mara sita. Asubuhi nimeshuka kutazama. Hakuna unyayo wa nguruwe popote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kwa Zaidi. Zaidi ndiye anayetuoshea maiti wa kiume, mwaka wa thelathini na ushee. Tena ni mtani wa ukoo wa marehemu mume wangu, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Akinikuta msibani ananiita mjane wake, anadai ubani wangu ni wa mkopo, anataka alishwe kwanza kuliko sheikh. Nimemtaka azungumze mkutanoni.

"Mjane wangu," kasema, "umekuja kuniposa? Chelewa chelewa, nimeshazeeka."

"Nyamaza. Wewe umeona wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Unajua. Waliokuja kwako na mpira wa mkojo. Waliokwisha mgongo. Waliovimba miguu tukasema wamerogwa."

Kicheko kikamtoka usoni. Akachukua panga lake akaanza kulinoa, na lilikuwa kali tayari.

"Ninayoyaona kwenye kitanda cha kuoshea hayatoki nje, Bi Tabu. Mdomo wangu ni wa utani, uchukueni. Mikono yangu ni ya marehemu."

"Na walio hai?"

"Walio hai hawajafika kwangu."

Nimemwambia ni mwoga, na kwamba mpaka mimi mjinga nimeuona woga wake. Hakunitania hata kidogo wakati naondoka. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili, 11 Mei

Mara saba. Sasa niandike, maana nisipoandika nitaongea peke yangu na Habiba atadhani nimeshafika uzee wa kupotea.

Shaabani alianza kushuka ngazi usiku miaka miwili kabla hajafa. Dungu ni fito na kamba tu, mmoja akigeuka mwenzake anajua. Akishuka sakafu yote inatikisika, akipanda inatikisika tena. Kwanza mara mbili, kisha nne, kisha saba. Anakaa chini muda mrefu. Sisikii maji, nasikia anapumua. Nikimuuliza anasema baridi. Msimu uliofuata akasema ngiri, na kila mtu akakubali, maana kwetu mwanaume akiumwa chini ya kitovu jina ni hilo hilo, na dawa yake ni mizizi. Nilimchemshia mizizi kila asubuhi, mie mwenyewe, kwa mikono hii.

Na siku moja, nimechoka na ndege, nikamwambia, "Unanitikisa kama unapepeta pumba. Kalale chini na viboko."

Hakunijibu. Alikuwa mtu wa kunijibu. Kuanzia siku ile mpaka mwisho wa mavuno akawa analala chini ya dungu, juu ya turubai, juu ya tope, ili mie nipate usingizi. Na mie nililala. Nililala vizuri sana.

Tulipompeleka hospitali ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Daktari akaniuliza umeanza lini. Nikasema sijui.

Saba. Makopo yanalia saba. Ni hesabu yake.

Ijumaa, 16 Mei

Hajira kamuuliza Imamu Twalha kama mwosha maiti kama Zaidi anaruhusiwa kusema aliyoyaona. Imamu kasema sitara ni ya mtu, asitajwe mtu. Ugonjwa hauna sitara. Nimempelekea Zaidi maneno hayo mwenyewe. Kaitikia kwa kichwa, kaendelea kusuka ukili wake.

Jumatatu, 19 Mei

Leo si usiku. Jua la saa sita, nimeketi nimenyoosha miguu, kamba mkononi, dungu langu limetikisika. Mtikisiko wa mtu anayepanda. Kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikasema, "Panda basi." Ikaishia hapo. Ngazi ilikuwa tupu.

Sikuogopa. Nilichukia kwamba hakumalizia.

Jumanne, 20 Mei

Viti sabini vimepatikana. Sufuria tatu. Nimewaambia wanawake wote wa bondeni: tarehe 14 hakuna kupika nyumbani wala kwenye dungu. Atakayetaka kula mchana aje ale mkutanoni. Habiba kacheka, kasema, "Mama, umewafunga." Nimewafunga ndiyo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepanda kijijini kumsomea Shaabani hitma. Niliwaambia watu wazi kwamba marehemu hajatulia, anashuka na kupanda bondeni, anagusa makopo. Wazee wameniamini. Hajira kanitazama, kisha akaendelea kuchambua mchele. Nimechinja mbuzi, nimepika pilau. Ukasha ndiye aliyeongoza Yasini, sauti yake ni ya baba yake mtupu, mpaka nikatazama pembeni. Alikula kidogo. Aliinuka mara tatu kabla sahani hazijatolewa. Nikasema moyoni, huyu naye huzuni imemshika.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerudi bondeni peke yangu, Ukasha kabaki kijijini kuezeka jiko. Makopo kimya tangu magharibi.

Jumapili, 25 Mei

Kimya. Alhamdulillahi, kapumzika.

Jumanne, 27 Mei

Ukasha karudi jana na mabua ya mahindi na samli.

Makopo yamelia. Mara nane.

Jumapili, 1 Juni

Ningekuwa nimesoma zaidi ningelijua mapema.

Leo asubuhi kamba ilinasa, nikavuta haikuja. Nikashuka niifuate nione ilipokwama. Miaka yote kamba ile mwisho wake ni nguzo iliyosimama peke yake upande wa mto. Nimefika pale, nguzo haipo, maji yaliichukua. Kamba inaendelea. Nikaifuata ndani ya mpunga, ikanipeleka mpaka dungu la mwanangu. Imefungwa kwenye ngazi yake. Kipandio cha juu kabisa.

Nilisimama pale na ile kamba kiganjani. Habiba alikuwa juu, anaosha vyombo. Akasema, "Shikamoo mama, mbona umepita mpungani?" Nikamwambia ashuke ngazi. Akashuka. Makopo yakalia, kidogo, kisha kimya. Nikamwambia apande. Yakalia.

"Mumeo anashuka mara ngapi usiku?"

Akaanza kulia. Jibu sikulihitaji tena.

Nimemkuta Ukasha mtoni anatega. Kwa mila zetu mama hamuulizi mwanawe wa kiume mambo ya chini ya kitovu, na mie mila nazifuata. Leo nimeziacha ukingoni pamoja na viatu.

"Ni wewe," nikamwambia.

Hakujifanya hajui. Akaendelea kupanga nyavu.

"Ni baridi tu, mama."

"Baba yako alikuwa na baridi hiyo hiyo. Umeanza lini?"

"Mwaka jana."

"Ulinisikia nikiwaambia watu ni marehemu. Ukakaa kwenye mkeka, ukamsomea Yasini, ukala pilau, na unajua ni wewe."

"Ningesema nini, mama? Nisimame mbele ya wazee niseme yule mzimu ni mimi, nakwenda kukojoa?" Akaniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Halafu ulifurahi. Zile siku mbili ulifurahi. Niliporudi ukaniambia kapumzika."

Nimemsomea hitma mtu aliye hai. Nimemchinjia mbuzi. Mungu anisamehe, lakini kwanza nataka kujua ni nani aliyenipa akili ya kumtafuta maiti kwenye kila kinachotikisika, nikamwacha mtoto wangu ananyauka mbele ya macho yangu nikimwambia ale.

Nimemwambia tarehe 14 atapimwa. Kasema hatapimwa, wala mkutanoni haji, na nisimpigie kelele, yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nikampigia kelele.

Jumatano, 4 Juni

Ukasha kafungua kamba kwenye ngazi, kaisimikia nguzo mpya. Makopo kimya. Yeye pia kimya, ananipita kama namdai.

Sasa sisikii tena mara ngapi. Kimya kile ni kibaya kuliko makopo. Nalala nimetega sikio kwa mtu aliye hai kama nilivyowahi kutega kwa aliyekufa, na sipati lolote isipokuwa dungu langu, ambalo halijafungwa kwenye kitu chochote, na bado lilitikisika alfajiri. Kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Jumamosi, 7 Juni

Iddi. Ukasha kaja kunipa mkono. Kautoa haraka.

Jumatatu, 9 Juni

Hajira kasema kukojoa mara nyingi si lazima iwe saratani. Tezi inaweza kuvimba tu kwa umri, na ikatibika. Na saratani nayo inaweza kukaa kimya bila dalili. Ndiyo maana wanapima. Lakini kasema mtoto wa mtu aliyekufa nayo asingoje dalili wala asingoje miaka hamsini, aanze mapema. "Hakuna aliyetuambia," nikasema. Kasema, "Ndiyo mkutano wenyewe, bibi."

Jumamosi, 14 Juni

Nimeandika leo mpaka kidole kimevimba, kwa hiyo msome taratibu.

Wamekuja. Nilihesabu sitini, kisha nikaacha. Njaa ni kiongozi mzuri. Daktari kijana kaeleza kwa maneno mepesi tezi iko wapi, inavimbaje, na kwamba kipimo cha kwanza ni damu ya mkononi. Wakatulia kidogo waliposikia damu. Mmoja akapaza sauti nyuma, "Na kidole kipo au hakipo?" Wakacheka. Daktari akasema kinaweza kuhitajika, ni dakika moja. "Dakika yako au yangu?" Wakacheka tena mpaka viti vikaingia udongoni.

Tajdin kasimama na kofia yake mkononi. Kaeleza miezi kumi ya kuficha, mkewe alivyompeleka kwa nguvu, sindano, mionzi, duka lililofungwa. Mtu akamuuliza, "Mzee Tajdin, na huko chini kunafanya kazi?" Kasema, "Kama jenereta la dukani kwangu. Siku nyingine linawaka, siku nyingine nalipiga teke tu. Lakini duka liko wazi." Hata mie nimecheka. Halafu nikaona wanachekea utani wenyewe, na ugonjwa wamekwisha kuusahau. Walikuwa wanatazama sufuria.

Ukasha hakukaa. Alikuwa kwa mbali, ukingoni mwa mpunga, na jiwe mkononi, anaamia ndege ambao hawakuwepo.

Nikasimama. Haikuwa kwenye ratiba. Nikawaambia nilichomwambia mume wangu. Kama nilivyokiandika humu, neno kwa neno, pumba na viboko. Nikawaambia alilala kwenye tope msimu mzima na mie nikalala juu yake kwa raha. Nikawaambia mizizi niliyomchemshia. Nikawaambia na hitma, kwamba mzimu mliokuja kuulia pilau ulikuwa mtu mzima mwenye tezi, na sikumtaja, lakini bondeni hakuna kisichojulikana.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke kutaja ya mumewe mbele ya wanaume, tena marehemu. Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine akanong'ona kuwa nimemvua nguo maiti. Nilimsikia. Nilikuwa nawaza hivyo hivyo, nikakaa.

Ndipo Zaidi akainuka. Alikuwa amekaa chini karibu na kuni, mie sikumwona akija. Hakuja mbele. Kasema pale pale.

"Wanaume niliowaosha ni mia mbili na arobaini na wawili. Nahesabu, maana nami nitahesabiwa. Katika hao, ishirini na tisa walinifikia na mpira, au mgongo umevunjika kama bua, au wote wawili. Sisemi ni nani. Nyie mmewabeba jeneza mkisema ngiri. Mmesema mkosi. Mmesema mke mdogo kamtilia kitu. Mimi nikawafunga sanda nikanyamaza, nikidhani nawasitiri. Sasa nawatazama nyie mliokaa hapa, na mikono yangu inawajua. Mwosha hamwangalii mtu kama wengine wanavyomwangalia. Kuna watatu hapa nawaona."

Watu wakaanza kutazamana.

Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya msibani. "Wewe Ukasha. Wewe unayerushia ndege mawe wakati ndege wamekwenda kula kwingine. Njoo hapa. Mimi mtani wako nimechoka na ukoo wenu. Baba yako alikuwa mzito, alinivunja kiuno. Na wewe ni mrefu kumpita yeye, nimeshakupimia sanda kwa macho, na Tajdin huyu hapunguzi bei hata kwa dhiraa moja. Usinitie hasara. Tena nimezeeka, mikono inatetemeka. Kuna watu nataka niwakute kwenye harusi, niwatukane vizuri, nile nishibe, niende zangu. Njoo utoe damu kabla sijaja kukubeba."

Kuna waliocheka. Kicheko kikaanza, kikafa katikati. Utani haukasirikiwi. Mama akikuamrisha utagoma, muuguzi akikushauri utasema kesho, lakini mtani akikuita mbele ya watu na ukakataa, umekataa ukoo.

Sikumtazama Ukasha. Nilitazama mpunga. Nilisikia hatua zake zinapita nyuma ya viti, kisha Hajira akasema, "Kunja shati, baba." Nilipogeuka kulikuwa na mstari nyuma yake, na yule aliyeuliza habari ya kidole alikuwa wa nne.

Thelathini na nane wametoa damu. Ubwabwa haukutosha. Zaidi kaondoka bila kula, na hilo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Nilimfuata na sahani. Kaipokea, akasema, "Usiku wa leo watakuja wote ishirini na tisa kunidai." Hakuwa anatania.

"Waambie waje kwangu," nikamwambia. "Nina dungu."

Jumapili, 15 Juni

Mvua ya ghafla. Ndege hakuna.

Jumamosi, 21 Juni

Tumeanza kukata mpunga. Mwaka huu umejaa. Ukasha anakata mstari mmoja, anasimama, anashika kiuno, anakata. Akiona namtazama anaharakisha.

Jumanne, 24 Juni

Hajira kaja na bodaboda mpaka ukingoni, viatu mkononi. Kamwita Ukasha pembeni. Mie nikafuata. Hajira akasema, "Bibi, ni mambo yake." Ukasha akasema, "Mwache asikie, atakuja kusikia tu."

Namba ya damu yake ilitakiwa iwe chini ya nne. Ni thelathini na moja. Hajira kasema namba peke yake haisemi ni saratani, inasema aende hospitali kubwa Dar es Salaam akakatwe kinyama kidogo kikapimwe, na aende sasa. Wapo wengine wanne waliozidi. Wale watatu aliowaona Zaidi wamo, kaniambia mwenyewe.

Ukasha kasema sawa. Akarudi kukata mpunga.

Jumamosi, 28 Juni

Nilimuuliza anaondoka lini. Kasema mpunga uishe kukatwa, upurwe, uuzwe, halafu atakwenda. Kasema kwa upole kabisa, akinitazama, kama mtu anayenipa zawadi. Baba yake alisema hivyo hivyo. Mavuno kwanza. Na mie mwaka ule nilimkubalia, nikamshukuru kwa kuwa mtu wa kazi.

Leo mchana nimepanda kwenye dungu kupumzika. Likatikisika. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Safari hii sikumwambia apande. Nilimwambia, "Nenda kwa mwanao." Sijui kama alikwenda. Dungu lilitulia, nami nikashuka nikaenda kumtafuta Zaidi.

Jumapili, 29 Juni

Hajira, nakupa daftari lako. Vijiji vingine wakitaka kujifunza, waanze kwa kutafuta mtu anayeosha maiti wao.

Sasa sikilizeni, maana sitarudia. Kesho Jumatatu, basi la kwanza la alfajiri. Ukasha anapanda. Hakuna mpunga, hakuna kupura, hakuna bei ya sokoni. Wanawake wa bondeni nimeshawapanga zamu, shamba lake litakatwa kabla ya lile la mwenyekiti wa kijiji. Habiba, barua ya Hajira ikae kifuani kwako, usimpe yeye aishike. Zaidi anakwenda nao, na ataingia mpaka chumba cha daktari. Yote yatakayosemwa mule, Zaidi, nataka uniletee yote, mazuri na mabaya, kama yalivyotamkwa, bila kunisitiri. Na wewe mwanangu, daktari akikuuliza imeanza lini, usiseme baridi. Mwambie mwaka jana. Mwambie mara nane. Mwambie baba yako alikufa na nini, ulitaje jina lake. Kisha ulale kwenye hicho kitanda wakukate.